Brauza ya Kusoma na Brauza ya Kuandika

Nianze na kosa langu, maana Kasulu wanalijua, na nisipolisema mimi watalisema wao kwa kuongeza chumvi.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka nyumbani Kibondo na cheti cha kidato cha nne ambacho nilikikunja mara nne nikakificha chini ya nguo. Kasulu nilipokelewa na mama mmoja wa Kiislamu, mjane, mfanyabiashara. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa pwani, akamwachia duka la vitambaa na chumba cha pembeni. Mimi nilichukuliwa kuuza vitambaa. Wiki ya pili nikamwambia mteja kwamba ile rangi anayoitaka itamfanya aonekane mgonjwa. Sikuwa na ubaya, nilimwambia ukweli. Ikawa kelele mpaka barabarani. Mama akanishika mkono, akaniingiza kile chumba cha pembeni chenye kompyuta sita, akasema, "Kaa na hizi. Hizi hazina masikio."

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa msimamizi wa intaneti kafe.

Hakuna mtu aliyenifundisha. Fundi aliyezifunga alikuwa ametoka Kigoma mjini, akarudi zake Kigoma. Nilijifunza kwa kubonyeza. Kila brauza, ile programu unayofungulia intaneti, ina sehemu yake ya mipangilio, na watu wengi wanaipita mbali kama wanapita karibu na nyuki. Mimi niliingia. Nilibonyeza kimoja kimoja, nikiharibu narudisha, nikishindwa kurudisha nakaa kimya hadi mtu aulize. Baada ya miezi mitatu nilikuwa najua kila kitufe kilipo, na nilikuwa naringa, sitaki kudanganya.

Sasa kosa lenyewe. Umeme ulikuwa unakatika. Ukikatika, kafe yetu ilikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa na mtu: wote wanainuka, wanavuka barabara kwa mama wa chai na maandazi, wananisubiri nivute kamba ya jenereta au umeme urudi. Wakirudi, kila mtu anakaa popote penye nafasi. Hakuna aliyetoka kwenye akaunti yake, maana kioo kimeshakuwa cheusi, utatokaje? Na malalamiko yalikuwa ni hayo hayo kila siku. "Dada, ukurasa wangu umepotea." "Dada, nilikuwa katikati ya gazeti." "Dada, nilishafika swali la ishirini."

Nikaenda kwenye mipangilio, nikakuta sehemu inayosema brauza ikiwaka iendelee pale ulipoishia. Nikaweka tiki kwenye kompyuta zote sita. Siku iliyofuata umeme ukakatika, ukarudi, kurasa zote zikarudi zenyewe kama hakuna kilichotokea. Watu walinipigia makofi. Ticha mmoja wa shule ya msingi, mwanaume mpole mwenye miwani, alisema nimewazidi wa chuo. Nililala na hiyo sifa wiki nzima.

Kulikuwa na madam mmoja, anafundisha shule moja na huyo ticha. Alikuwa mteja wetu wa kila Jumamosi. Siku hiyo alikuwa anamwandikia dada yake aliyeko Kakonko, anamsimulia habari za kazini, na humo ndani akamwelezea mkuu wake wa shule. Aliandika kwamba mkuu akivuka uwanja anatembea kama kuku aliyenyeshewa, na akihutubia mstarini darasa la kwanza wanahitaji miavuli. Barua ya dada kwa dada, kitu cha kuchekesha tu. Kabla hajaituma, umeme ukakatika. Akadhani imepotea. Mvua ilikuwa inakuja, akaamua kwenda nyumbani.

Umeme ulirudi. Akaja ticha wa miwani, akakaa pale pale. Mashine ikawaka, brauza ikaendelea pale ilipoishia, na barua ya madam ikamkodolea macho. Angeweza kuifunga. Aliisoma mara mbili, alikuja kutuambia mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma nazozana na jenereta iliyogoma kuzimika, sikuona kitu.

Jumatatu, ofisi nzima ya walimu wanaijua. Jumanne imemfikia mkuu. Mkuu hakugomba. Alichukua fomu ya madam ya kuomba ruhusa ya kwenda kusoma chuo, iliyokuwa inasubiri sahihi yake, akaitia kwenye droo akafunga.

Jumanne hiyo hiyo jioni madam akaingia kafe. Hakusema hata mwakeye, na kwetu Waha mtu akiingia bila kukusalimia ujue kuna jambo.

"Umefaidika nini?" akaniuliza.

"Na nini, madam?"

"Kusoma barua yangu ukaipeleka shuleni."

Kafe ilikuwa imejaa. Mimi nikiambiwa kitu ambacho sijafanya, damu inanipanda kabla akili haijafika. Nikasimama. "Barua yako nina shida nayo ipi? Mimi nasoma barua za watu? Nina njaa ya umbea kiasi hicho?"

"Ulikuwa wewe peke yako kwenye hiki chumba."

"Basi nipeleke polisi. Twende sasa hivi, nafunga mlango."

"Siendi polisi," akasema taratibu, na utaratibu wake ulinichoma kuliko kelele. "Nawaambia wenzangu tu."

Mama alitokea upande wa vitambaa, akasimama katikati yetu, akaniambia nikae. Nilikaa. Madam akatoka. Wateja waliobaki wakamaliza haraka haraka, kila mmoja akifunga kurasa zake huku ananitazama kwa pembe ya jicho.

Na kweli aliwaambia. Walimu ndio waliokuwa wateja wetu hasa. Wanafunzi wanakuja matokeo yakitoka, wafanyabiashara wanakuja mara moja moja, lakini walimu wanakuja kila wiki. Wiki ile hakuja hata mmoja. Walikwenda kafe ya stendi, yenye kompyuta tatu na panya. Nikipita sokoni nasikia nyuma yangu, "Huyo ndiye msoma barua."

Kulikuwa na mfanyabiashara wa Manyovu, wa kule mpakani, aliyezitaka zile kompyuta siku nyingi. Mama alimwita. Aliniambia bila kunificha kitu.

"Mwanangu, mwisho wa mwezi kama walimu hawajarudi, aje azichukue. Wewe utarudi kwenye vitambaa."

"Nitakufukuzia wateja, mama."

"Najua. Ndiyo maana naswali kwa bidii."

Alisema kwa utani, lakini niliona macho yake. Ile kafe aliianzisha mwenyewe baada ya kufiwa, ndugu wa mume wakimcheka kwamba mwanamke na kompyuta wapi na wapi. Na mimi aliniokota na cheti changu kilichokunjwa, hakuwahi hata kukiulizia. Nikajiapiza hizo mashine haziendi Manyovu hata kama nitalazwa ndani.

Asubuhi ya pili nilifika mapema. Nilitaka kujua imekuwaje. Nikafungua barua pepe yangu, nikaandika maneno ya ovyo, nikaenda ukutani nikashusha swichi kubwa. Giza. Nikapandisha. Nikakaa kwenye kiti kama mteja mgeni, sikugusa kitu zaidi ya kufungua brauza. Maneno yangu ya ovyo yakarudi, pamoja na jina langu pale juu, na barua zangu zote zimejipanga, karibu ndugu soma.

Nilikaa sakafuni. Nilikuwa ni mimi. Kusoma sikusoma, ila ile tiki niliyopigiwa makofi ndiyo iliyofanya.

Mama alipofika nilimwambia. Sikuzunguka.

"Ulisoma?" akauliza.

"Sikusoma. Lakini mlango nimeuacha wazi mimi."

"Basi kaufunge. Na kwa madam utakwenda kwa miguu yako."

Nilikwenda siku ile ile. Madam alikuwa uani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Hakuninyanyulia kichwa.

"Umekuja kuomba msamaha au umekuja kuongea? Maana wewe unaongea."

"Msamaha kwanza," nikasema, na lile neno lilinikwama, mimi si mzoefu nalo. Nikamweleza yote, tiki, umeme, mashine, nani alikaa baada yake sikumtaja kwa sababu sikumjua bado. Alisikiliza, vidole vinaendelea na maharage.

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo mbaya, wewe mzuri."

"Hapana madam. Mimi ndiye niliyeipanga vibaya. Nitaipanga upya. Njoo Alhamisi ujaribu mwenyewe."

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza tena. Nilikuwa sijapanga kitu, nimeshatoa ahadi.

Nikaingia tena kwenye mipangilio. Niliondoa ile tiki ya kuendelea, nikaona nyingine: ukifunga brauza, ifute kila kitu, kumbukumbu, paswedi, yote. Nikaiweka. Nikafungua barua pepe, nikafunga brauza, nikafungua tena. Safi. Nikarudia mara kumi. Safi mara kumi. Nikajisemea, kumbe kazi ndogo hivi.

Alhamisi madam alikuja na madam wenzake wawili. Niliwahutubia. Nilisema kuhusu usalama, nilisema kuhusu siri, nadhani nilisema hata kuhusu haki za binadamu. Madam akakaa, akafungua akaunti yake, na wala sikuhitaji kugusa swichi, umeme ukakatika wenyewe. Nikavuta jenereta nikitabasamu. Mashine ikawaka. Madam akafungua brauza, ikaandika kwamba inasikitika, ilizimwa vibaya, je, irudishe kurasa? Madam akabonyeza ndiyo.

Barua zake zote zikarudi.

Madam akaitazama ile sentensi ya masikitiko kisha akanitazama mimi. "Angalau hii ina adabu kukushinda wewe," akasema, akabeba mkoba. Wenzake walicheka mpaka mlangoni.

Nilielewa jioni yake, nimeshatupa kiatu ukutani na kukiokota. Brauza ilikuwa inafuta *ikifungwa*. Umeme ukikatika hakuna aliyeifunga, imeanguka tu, haikupata nafasi ya kufuta chochote. Mimi nilikuwa nimejaribu mara kumi kwa kuifunga kistaarabu. Watu wa miji isiyokatika umeme ndio waliotengeneza ule mpangilio, na kwao unatosha. Kwetu sisi nilihitaji brauza ambayo haiandiki kitu mahali popote tangu mwanzo, ili hata ikianguka kusiwe na cha kuokota.

Kuzipakua brauza nyingine kwa modemu yetu kungechukua mpaka kesho kutwa. Nikaenda Kibondo. Kaka yangu ni fundi simu pale sokoni, na ana flashi moja ambayo ina kila programu unayoijua na usiyoijua. Nilimkuta na simu tatu zimepasuliwa mezani.

"Msoma barua huyo amefika," akasema.

"Habari imefika mpaka huku?"

"Dada, wewe ukipiga chafya Kasulu, Kibondo tunapewa pole."

Nilimwambia ninachotafuta. Akachomeka flashi, akanionyesha brauza anayoipenda, macho yanang'aa. Ilikuwa na rangi, ilikuwa na vitufe kila kona, inapakua video, inakwambia hali ya hewa, na sifa yake kubwa, inaokoa bando.

"Inaokoaje?"

"Ukiomba ukurasa, unapita kwanza kwao. Wanaukamua unakuwa mdogo, ndiyo wanakutumia wewe."

"Kwao wapi?"

"Huko kwao. Ulaya, sijui."

"Na barua pepe ya mtu nayo inapita huko kukamuliwa?"

Akakuna kichwa na bisibisi. "Unauliza sana. Watu wote wanaitumia."

"Watu wote hawaitwi msoma barua sokoni."

Yeye hakujua jibu, na mimi sikulijua. Na kitu nisichokijua siwezi kumwambia madam akiamini. Hata hivyo niliichukua, pamoja na nyingine moja ambayo kaka alikuwa ameisahau kabisa chini ya orodha. Ilikuwa nyepesi, sura yake kama fomu ya serikali, haina rangi. Lakini nilipoingia kwenye mipangilio yake palepale sokoni, nikakuta sehemu ya kumbukumbu ina chaguo tatu: ikumbuke, ikumbuke kwa utaratibu wako, na ya tatu, isikumbuke chochote kamwe. Ile kamwe niliisoma kwa sauti.

Kabla sijaondoka kaka akasema, "Huyo mkuu wa shule si naye anatumia kafe yenu?"

"Anatumia. Alikuwa."

"Ile brauza ya zamani iliyokuja na mashine si inatunza paswedi? Mfungulie za kwake. Ukute naye ana ya kwake humo. Mpe madam, droo itafunguka yenyewe."

Njia nzima, Kibondo mpaka Kasulu, vumbi jekundu linaingia dirishani, nilikuwa nalifikiria hilo neno. Nasema kweli, lilinoga.

Nilipofika nilikaa kwenye ile kompyuta ya mlangoni, nikafungua ile brauza ya zamani, ambayo wateja waliitumia kabla ya hii ya kila siku, nikaenda kwenye orodha ya paswedi ilizotunza. Nusu ya mji ilikuwa humo. Padri, muuza mbolea, mabinti wa benki, wote walibonyeza ndiyo walipoulizwa wakumbukwe, maana wengi wetu tukiona kompyuta inauliza kitu tunasema ndiyo ili ituache. Mkuu wa shule alikuwa mstari wa tano. Pembeni ya jina lake kitufe: onyesha.

Hasira nilikuwa nazo za kutosha. Lakini mama alinipa ufunguo wa kile chumba na hajawahi kunipekua hata siku moja. Ningebonyeza pale, basi jina la sokoni lingekuwa la kweli, na yeye ndiye angekuwa amemfuga msoma barua. Chini kabisa kulikuwa na kitufe kingine, futa zote. Nikabonyeza hicho, kompyuta ya kwanza mpaka ya sita. Kisha nikaiondoa ile brauza yenyewe isionekane.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, mama amekwenda msikitini, kafe tupu, nikafanya majaribio yangu. Safari hii sikufunga kitu kistaarabu. Nafungua barua pepe, naandika, naenda ukutani, nashusha swichi. Brauza yetu ya kila siku ilirudisha yote, kama kawaida yake. Ya kaka ilirudisha yote pia, ikaongeza na hali ya hewa ya mji ambao siujui. Ile ya sura mbaya ikawaka nyeupe. Nikashusha swichi mara ya pili, ya tatu, ya tano. Nyeupe. Nikatafuta kwenye historia, nikatafuta kwenye mafaili yenyewe ndani ya mashine. Hakuna hata jina langu.

Nilicheza peke yangu katikati ya kompyuta sita.

Halafu nikakumbuka malalamiko yaliyonifanya niweke tiki siku ya kwanza. Mtu anajaza fomu ya chuo, kafika swali la ishirini, umeme unakatika, brauza isiyokumbuka kamwe inamrudisha swali la kwanza. Atanilaani. Ile tiki niliiweka kwa sababu watu walikuwa na shida ya kweli.

Kabla mama hajarudi nilikuwa nimeshapata jibu, na jibu ni kwamba nilikuwa natafuta brauza moja wakati kafe ina kazi mbili. Kuna mtu amekuja kusoma gazeti, kuangalia matokeo, kuangalia mpira. Huyo hana siri, anataka kurasa zake zirudi. Nikamwachia ile ya kila siku na tiki yake, ila nikaikataza kutunza paswedi, na nikaiwekea kiongezo kinachozuia tovuti za barua pepe, ukijaribu inakukatalia. Na kuna mtu amekuja kuandika. Huyo anapewa ile isiyokumbuka. Kama ana kitu kirefu, anaandika kwanza kwenye flashi yake mwenyewe, anahifadhi kila baada ya swali, akimaliza ndiyo anahamishia kwenye brauza. Umeme ukikatika, maneno yake yako mfukoni mwake. Nikabadilisha majina ya zile alama mbili kwenye kioo. Moja nikaiita KUSOMA, nyingine KUANDIKA, kwa herufi kubwa, mambo ya majina ya Kizungu tukaachana nayo.

Mama aliporudi nikamwonyesha. Alishusha swichi mwenyewe mara mbili. Kisha akasema, "Waite wote. Na huyo mkuu mwite."

"Mkuu hatakuja."

"Mkuu nitamwita mimi. Kitambaa cha suti yake kipo kwangu."

Jumamosi, wiki ya mwisho ya mwezi, kafe ilijaa kama siku ya matokeo. Walimu, watu wa sokoni waliokuja kuona nikiaibika, na ticha wa miwani amejibanza nyuma. Madam alisimama karibu na mlango, mikono ameikunja. Mkuu wa shule akaingia mwisho. Watu wakajitahidi wasimwangalie anavyotembea.

Sikuhutubia. Nilikuwa nimeshajifunza. Nilisema tu, "Mkuu, kaa. Andika barua ya kweli. Ukimaliza usinionyeshe, nenda ukutani uzime."

Aliandika muda mrefu. Anaandika kwa kidole kimoja, anafikiri, anafuta. Kisha akainuka, akaenda ukutani, akashusha swichi kwa nguvu kama anavunja kuni. Akapandisha. Tukasubiri mashine iwake, na kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko mimba.

Akabonyeza KUANDIKA. Nyeupe.

"Bonyeza mshale wa kurudi, kushoto juu, mkuu," ticha wa miwani akasema kutoka nyuma.

Akabonyeza. Hakuna kitu.

"Angalia historia."

Tupu.

Wakaja watatu, wanne, kila mmoja anajua sehemu ya kutafuta. Jamaa mmoja aliyesoma kompyuta Kigoma akakaa, akachimba kwenye mafaili mpaka jasho. Aliinuka akatikisa kichwa. Mkuu alikuwa bado anakitazama kioo.

"Sasa barua yangu imekwenda wapi?"

"Imepotea, mkuu. Ndivyo tulivyotaka."

"Ilikuwa nzuri," akasema kwa huzuni kabisa, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Hata madam. Niliona.

Hapo ndipo ticha akajikohoza. Akavua miwani, akaifuta. "Niseme kitu," akasema. "Aliyeieneza ile barua ni mimi. Mashine ilinifungulia, nikasoma. Huyu dada hakuhusika." Kisha akaongeza, "Mara mbili niliisoma," sijui kwa nini aliona umuhimu wa kulisema hilo.

Nilitaka kumrukia, nisidanganye. Wiki tatu naitwa msoma barua na yeye anakula maandazi ng'ambo. Mama alinikanyaga mguu, nikatulia.

Mkuu alipokuwa anatoka nilimfuata mpaka barazani, nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mkuu, paswedi yako nayo ilikuwa imetunzwa humu, kwenye ile brauza ya zamani. Ulibonyeza ndiyo siku moja."

Uso wake ukabadilika. "Uliifungua?"

"Nimeifuta. Yako na za wote. Badilisha tu, kwa usalama."

Alinitazama, kisha akamtazama madam kupitia dirishani, muda mrefu. Kisha akaenda zake. Jumatatu ile fomu ilitoka kwenye droo ikiwa na sahihi na muhuri. Madam hakujua kwa nini, na mimi sikumwambia. Kile tulichozungumza barazani kilikuwa cha mkuu.

Ila hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumamosi ile, ndani, watu walikuwa bado wanabishana wajaribu tena au vipi. Madam akapenya katikati yao.

"Mkijaribu mkajaribu tena tutafunga saa ngapi? Pisheni, mimi nina barua."

Akakaa kwenye kompyuta ya dirishani. Akageuza kioo kidogo, mgongo wake ukawa kwangu. Akabonyeza KUANDIKA, akaanza, vidole vyote kumi, haraka, na katikati akacheka peke yake kwa kitu alichokiandika. Sijui ni nini mpaka leo. Nilisimama pale nikiwa na furaha ya kutokujua, furaha kubwa sijawahi kuipata kwenye cheti chochote.

Ndani ya nusu saa kompyuta sita zilikuwa na watu na wengine wamesimama. Mama akatoa simu, akampigia yule wa Manyovu mbele ya watu wote, kwa Kiswahili cha pwani alichojifunza kwa marehemu, chenye heshima nyingi. "Mashine zangu haziuzwi, kaka. Hapana. Hapana, hata mwezi ujao. Ukipenda vitambaa, karibu."

Kuanzia siku hiyo mtu akiingia namuuliza, "Unasoma au unaandika?" Ikawa ndiyo salamu ya kafe. Mabibi waliokuja kupigiwa simu ya video na wajukuu walikuwa wananijibu kutoka barabarani kabla sijafungua mdomo. Hata watoto wakinikuta sokoni walikuwa wananiuliza mimi, na hilo jina la mwanzo likafa lenyewe, sikuhitaji kugombana na mtu, ingawa nilikuwa nimejiandaa.

Mwaka uliofuata akaja yule mwenye kafe ya stendi. Aliingia na flashi mkononi, akasimama kando ya meza yangu, anaangalia chini. Nilimwacha asimame kidogo. Alikuwa amekula wateja wetu wiki tatu, nina haki ya dakika mbili.

"Nimesikia una mpango wako wa brauza," akasema hatimaye. "Naomba unifundishe."

"Kwako umeme unakatika?"

"Unakatika, dada. Kwani mimi naishi wapi?"

"Basi weka hiyo flashi mezani," nikamwambia, "nenda ukutani pale, uzime kila kitu. Tunaanzia hapo."